Wimbo wa Dekow na Namba ya Mkato

Nyinyi vijana mnaoshika funguo za vituo vya maji siku hizi, kutoka Garissa mjini mpaka Modogashe na hata huko Hulugho, kaeni mnisikilize. Najua mna simu, na simu zinajua kila kitu. Lakini simu haijawahi kusimama mbele ya watu na kuwaambia kwamba mota imeungua, ilhali ngamia wameshafika horini. Mimi nimesimama. Nimerudisha funguo mwaka huu kwa sababu magoti yamekataa, na kabla akili nayo haijakataa nimeona niandike. Mjukuu wangu Sahra ananirekebishia herufi. Maneno hayagusi.

Shule sikusoma. Nilipita chuo cha Kurani, kisha nikiwa tayari mama wa watoto nikaingia gumbaru, darasa la watu wazima, nikajifunza kusoma. Namba nilizishika kabla ya herufi. Mshahara sitauzungumzia hapa. Ulikuja kama mvua, wakati wake wenyewe, na haukuniuliza kama nina haja.

Kazi niliipata kwa sababu ya mbuzi wa mtu mwingine. Kisima chetu kilikuwa na injini ya dizeli, na aliyeiendesha alikuwa mwanamume hodari, ila mvua ikinyesha popote alifunga mlango akafuata mifugo yake. Tukabaki na kisima kizima na injini nzima na hakuna maji. Kamati ya maji ikakaa. Mzee mmoja akasema watafute mtu asiyefuata mvua. Wakatazamana. Wanaume wote waliokuwa pale walifuata mvua. Ndivyo nilivyopewa funguo, na mume wangu Dekow ndiye aliyesema naweza, kwa hiyo hilo lihesabiwe upande wake.

Siku ya kwanza ile injini ilinirushia hendeli ikanipiga kwenye mkono. Nilifunga kitambaa nikaiwasha tena. Wanawake waliokuwa na mitungi walicheka, mimi nikawafungulia maji. Mkono ule mpaka leo unanitabiria baridi, ingawa kwetu baridi haina kazi nyingi.

Aliyenifundisha ni fundi Mutua, mtu wa Kitui, aliyezunguka visima vya barabara hii na mfuko wa spana na godoro lililokunjwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kisomali chake kilitosha kusalimia na kukataa chai ya tatu. Alinifundisha kugusa kitu cha umeme kwa mgongo wa mkono, si kwa kiganja, maana kiganja kikipigwa kinafumba na kushikilia. Alinifundisha kunusa. Alinifundisha kwamba boksi la umeme likizimwa bado lina nguvu tumboni, kwa hiyo usubiri taa yake ife kabisa ndipo ufungue. Wengi wenu hamsubiri. Mnaniudhi.

Kisha ikaja sola. Wakaja watu na magari, wakasimamisha paneli, wakashusha mota mpya chini kabisa ya kisima, na kwenye kibanda wakafunga inverta, lile boksi linalougeuza umeme wa jua. Wakapiga picha, wakaenda. Na hapa ndipo penye somo, kwa hiyo acheni simu.

Umeme wa jua unakwenda moja kwa moja, kama mto Tana uliojaa. Mota iliyo chini haiutaki hivyo. Inataka umeme unaopanda na kushuka. Basi inverta inaukata ule wa jua vipande vipande, vingine vinene, vingine vyembamba, na kuvipanga kiasi kwamba mota ikivipokea inaona kama imepewa wimbi zima. Kazi yote iko kwenye unene wa vipande. Kwenye inverta mtakuta namba mbili, na msizichanganye. Moja ni mwendo wa mota. Nyingine ni mara ngapi boksi linakata kwa sekunde moja. Hiyo ya pili mimi na Mutua tuliiita namba ya mkato.

Mutua alinieleza siku nzima sikuelewa. Nikaelewa nilipokumbuka visima vya mkono walivyochimba babu zetu. Wanaume wanasimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, na ndoo ya ngozi inapanda mkono kwa mkono. Ukitumia vikopo vidogo vingi, maji yanafika juu bila kukatika, hori linatulia. Lakini kila kupokezana kunachosha, na wanaume watalegea kwa joto kabla ya adhuhuri. Ukitumia ndoo kubwa chache, mikono inapumzika. Ila kila ndoo ifike wakati wake barabara, kwa sababu moja ikichelewa aliye juu anayumba na mstari wote unayumba naye. Ndiyo maana waliimba. Wimbo ule haukuwa wa starehe, ulikuwa ndiyo saa yao.

Inverta ni vivyo hivyo. Kila mkato unaiongezea joto. Ukiweka namba ya juu, mota inatulia lakini boksi linapata homa. Ukiweka namba ya chini, boksi linapumua, lakini vipande vichache vikija ovyo mota inatikisika, inapata joto yenyewe na inalia. Kwa hiyo anayekata mara chache lazima kila mkato aupe mahali pake: upande wa kupanda ulingane na wa kushuka, na hesabu ya mikato iende sambamba na mzunguko wa mota.

Na kuna waya. Mota yetu iko mbali sana chini, na waya ni mrefu. Kila mkato unapiga kama mjeledi: mkono uko juu, maumivu yako nchani. Ukikata mara nyingi, unaichapa mota mara nyingi. Hilo lishikeni hata mkisahau mengine.

Wale waliotufungia walituachia namba ya juu. Pengine kwao kuna upepo. Kwetu ikifika saa sita, wakati jua linatoa umeme mwingi, boksi lilijizima kwa joto, na watu wakashangaa kwamba maji ya jua yanakatika jua likiwa kali. Mutua akaja akashusha namba, na karibu na inverta akafunga koili kubwa ya waya wa shaba ili kupunguza makali ya ile mijeledi. Boksi likaacha kujizima. Maji yakatoka kutoka asubuhi mpaka alasiri. Mimi nilifurahi, na kufurahi kwangu hakuonekani usoni, lakini nilifurahi.

Ila kwa mikato ile michache koili iliimba. Sauti moja, nene, haipandi haishuki, na bomba la chuma liliichukua kutoka kibandani mpaka kwenye hori la ngamia. Ukiweka mkono kwenye hori ulisikia linatetemeka kama koo la paka.

Sasa mjue jambo moja, nyinyi mliozaliwa mjini. Ngamia wetu wananyweshwa kwa wimbo. Mchungaji anasimama kichwani mwa hori, anaimba, na ngamia wanainamisha shingo pamoja. Mume wangu Dekow ndiye aliyejulikana kwa hilo. Hakuwa mtu wa fujo wala wa maneno mengi, lakini akiwaimbia ngamia hata wa watu wengine walisogea. Koili ilipoanza kuimba, ngamia waliinua vichwa. Walikunywa kidogo, wakasimama, wakatazama bomba, wakarudi nyuma. Dekow aliimba kwa nguvu zaidi, na alikuwa mzee tayari, sauti ikakwaruza. Wanawake wa mitungi walinitania kwamba koili yangu imempiku mume wangu. Mmoja akasema nimepata mume wa pili wa shaba. Tulicheka. Dekow hakucheka.

Akaja kibandani siku Mutua yupo, amebeba chombo cha maziwa ya ngamia. Mutua akapokea, akanywa, akashukuru. Nikajua amekwisha. Mtu akishakunywa maziwa ya mwenyeji hawezi kumkatalia jambo mlangoni pake, hata kama ni mtu wa Kitui, na Dekow alilijua hilo vizuri.

Dekow akamwambia anyamazishe kile kitu. Mutua akamweleza, pole pole, kwamba kunyamaza ni kupandisha namba, na kupandisha namba ni joto juu na mijeledi chini. Akamwomba awape ngamia muda. Mimi nikasema hapana bila pole pole. Dekow akanitazama.

"Naa Habiba," akasema, "ngamia hanywi maji matupu."

"Na asipoyapata kabisa atakunywa nini, Baba Bishar? Wimbo?"

Alikwenda kwa kamati. Na kamati nayo ilikuwa ni wazee wenye ngamia, ambao wote walikuwa wamesimama kwenye hori lile wakaona vichwa vinainuka. Wakaniagiza na kumwagiza Mutua kwamba koili inyamaze. Mutua aliwaambia tena yale aliyomwambia Dekow, mbele ya kila mtu, kisha akapandisha namba, kwa sababu kisima si chake. Koili ikanyamaza. Kesho yake Dekow aliimba, na ngamia wakashuka horini kama zamani. Sitasema uongo, palikuwa pazuri. Nilisimama mlangoni mwa kibanda mpaka wakamaliza.

Jilaal, kiangazi chetu kirefu, mwaka ule ilikuwa mbaya. Mifugo ilikuja kutoka mbali, hata watu tusiowajua. Boksi likarudia kujizima mchana, na kila likijizima watu waligonga mlango nikaliwasha tena, maana nani atamwambia mama mwenye mtoto mgongoni arudi jioni? Nilipeleka ujumbe kwa kamati kwamba namba ishushwe. Wakasema jilaal si wakati wa kuwatisha ngamia. Kisha siku moja boksi lilijizima na sikuweza kuliwasha. Nikapima waya unaokwenda chini. Umeme ulikuwa unavuja kwenye ardhi. Nikajua mota imeungua huko chini, kitambaa kinachofunika nyaya zake kimechapwa mpaka kimepasuka. Nilifunga mlango, nikaenda kumwambia mwenyekiti, na njia yote nilipishana na mbuzi wanaokwenda kunywa.

Watu wakaanza kuhama. Waliokuwa na ngamia ndio waliotangulia, kwenda kutafuta maji upande wa Modogashe. Dekow alisema atakwenda mwenyewe. Nikamwambia Bishar mwanetu aende, yeye abaki. Akasema ngamia hawamjui Bishar. Asubuhi alipokuwa anafunga mzigo wake aliniuliza bila kugeuka:

"Ni mimi?"

Mimi sijui kudanganya, na nilikuwa nimeolewa naye tangu nywele zangu ni nyeusi. Nikamwambia, "Ni joto, na waya mrefu, na kamati. Na wewe."

Alikaza kamba. Akasema, "Mwambie Mutua nikirudi nitamletea maziwa mengine. Mwambie alinionya." Kisha akaondoka na ngamia wake.

Hakurudi. Joto lilimwangusha njiani. Wachungaji waliokuwa naye walitupigia simu wakiwa wameshamzika, na mkubwa wao alilia kwenye simu mpaka ikabidi ampe mwingine. Wengi katika ngamia walifika majini. Jike lake jeupe alilolipenda halikufika. Sijui kama nimeandika sawa kumweka ngamia karibu na mtu, lakini yeye asingeudhika.

Nitaruka mbele kidogo ili jambo la mota limalizike. Mota nyingine ilikuja baadaye, Mutua akaishusha, akaiweka namba chini, na safari hii alitafuta ndani ya inverta mpangilio wa mikato unaokwenda sambamba na mota. Koili bado iliimba, lakini sauti ilikuwa laini, haina ule mtetemo wa koo. Ngamia waliinua vichwa. Tukawaacha. Wakainua tena siku iliyofuata, wakainua na ya tatu. Kisha kiu ikawafundisha, wakazoea, na leo ngamia aliyezaliwa baada ya hapo akifika kwenye hori lisiloimba anasita. Ni hivyo tu. Ilihitaji kungoja kidogo. Nikilifikiria hilo sana silali, kwa hiyo silifikirii sana.

Mota ile haingeshushwa kama Mutua angefukuzwa, na ilibaki kidogo tu afukuzwe.

Mkumbuke, Dekow alikuwa amekufa, mifugo ya watu inakufa, na mtu akiumia anatafuta mkono uliompiga. Wazee wa kamati hawakuonyesha mkono wao. Neno likazunguka kwamba fundi wa bara ndiye aliyeharibu mota kwa makusudi ili auze nyingine. Wengine walimwita mchawi wa nyaya. Mwanangu Bishar alikuwa mbele yao wote. Mutua alikuja kutoa rambirambi, na vijana wakamzuia karibu na kibanda. Lori la mifugo lilikuwa linakwenda Garissa, wakataka apande aende asionekane tena barabara hii. Na mjue barabara hii ndiyo mkate wake. Jina likiharibika kwenye kisima kimoja, limeharibika kwenye vyote, mpaka Dagahaley kambini. Na sisi tungebaki na shimo.

Mimi nilikuwa edani. Mjane wa kwetu akiwa edani anavaa nyeupe na hatoki nje ovyo. Kwa hiyo sikutoka. Nilimtuma Sahra, wakati huo mdogo, awaambie wazee kwamba mjane wa Dekow anawaita uani kwake, wote, na fundi naye. Hakuna anayemkatalia mjane wa edani. Walikuja. Walisimama upande ule wa ua, mimi nikakaa upande huu nyuma ya shuka niliyotundika, nikawaona miguu tu. Viatu vya Mutua nilivijua, vina grisi.

Mwenyekiti akaanza kwa dua ndefu. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema yaliyotokea, kuanzia koili mpaka mjeledi, mpaka siku ya kamati. Bishar ndiye aliyesema kwanza.

"Hooyo, unamsema vibaya maiti? Baba yangu?"

Hilo lilikuwa jambo zito, na alikuwa na haki kuuliza. Wafu tumekatazwa kuwataja kwa ubaya, na yule hakuwa maiti wa watu wengine, alikuwa wangu. Nikasema:

"Simsemi. Namnukuu. Aliniuliza kama ni yeye, nikamjibu, na akasema nimwambie Mutua kwamba alimwonya. Hiyo ni amana. Baba yako aliniachia hiyo na ngamia wachache. Mkitaka nibaki na ngamia nile amana, semeni sasa nikiwa na nyeupe hii."

Miguu mingine ilianza kusogea nyuma. Mwenyekiti akakohoa, akasema kwamba kwa kweli kamati nayo ilikuwapo siku ile. Lilikuwa neno dogo, lakini alilisema mbele ya watu, na mimi nikalihesabu. Lori likaondoka bila Mutua. Nilisikia likibadilisha gia kule kwenye mchanga.

Bishar alibaki amesimama pale pale, ameinamisha kichwa, na Mutua naye hakujua aende wapi, maana mtu aliyeokolewa mbele ya watu anaona aibu kama aliyefungwa. Chakula cha matanga kilikuwa kimewekwa, sinia moja ya wali, mkeka umetandikwa, na maji yaliyokuwamo nyumbani yalikuwa ni dumu moja la mwisho. Mkwe wangu akaniuliza kwa sauti ya chini kama fundi apewe sahani yake peke yake, huko nje. Niliinuka, nikafunua pembe ya shuka ili wote wanisikie, nikasema:

"Hakuna sahani ya peke yake. Anakula hapa, mkekani, mahali pa baba yenu. Bishar, leta birika umnawishe adeer yako Mutua, ndugu wa baba yako, mikono yote miwili, mpaka grisi itoke."